Maabara ya Chaki

Dada yangu amefundisha kemia tangu sijaota ndevu, na miaka yote hiyo hajawahi kumwonyesha mwanafunzi tone la tindikali. Maabara ya shule yake ina meza, mabomba makavu na kabati la chupa tupu. Kila muhula alimfuata mkuu wa shule, na kila muhula alijibiwa, "Mwalimu, kwa sasa wafundishie ubaoni."

Basi akawafundishia ubaoni. Alichora bureti, ule mrija mrefu wa kudondoshea tindikali, na chini yake chupa ya alkali aliyoipaka chaki ya pinki. Alihesabu matone kwa sauti, kisha akaifuta pinki kwa kidole.

"Rangi imetoweka. Tindikali na alkali zimemalizana. Bureti inasoma ngapi?"

Darasa liliitikia, "Ishirini na tano." Ilikuwa ishirini na tano daima, kwa sababu hesabu zake ni nyepesi. Nilikuwa nikimtania kwamba anapika bila moto. Siku hizi simtanii.

Mwaka huu bintiye alikuwa katika darasa hilo. Mpwa wangu anautaka ufamasia kufa na kupona, na bila kemia hakuna chuo kitakachompokea. Siku ya mtihani wa vitendo, kemikali za kweli zililetwa kutoka nje, na watoto wakashika bureti kwa mara ya kwanza maishani.

Matokeo yalipotoka, darasa zima lilikuwa limefutiwa. Wameangaliziana, ndivyo ilivyoandikwa, maana wote walijibu ishirini na tano, ilhali tindikali ile ilikuwa kali zaidi na haikuhitajika nyingi kiasi hicho. Mkuu wa shule, bila haya hata kidogo, akamwambia dada yangu ameipaka shule matope. Nilitamani nimfungie kwenye kabati lake na chupa zake.

Jioni ile tulikaa mezani hadi chakula kikapoa. Nikamgeukia mpwa wangu.

"Kwani wewe bureti yako ilisoma ngapi?"

"Kumi na nane, mjomba. Nikarudia, ikawa kumi na nane tena."

"Sasa mbona hukuandika ulichokiona?"

Alimtazama mama yake, kisha akaitazama sahani.

"Nilijua nimekosea. Mama hajawahi kupata kumi na nane."