Ramani Yangu ya Pwani Mbili

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikimwona mtu amekunjua ramani mezani, kama wewe leo. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili, mwaka wa tisini na nane, katika nyumba yangu ya kupanga Riverdale Park, hapa Maryland, theluji chafu ikiwa imerundikwa kando ya barabara ya Route One. Mama yangu alikuwa na siku nne tangu afike kutoka Nakuru. Alimaliza chai yake, akaniuliza, "Sasa kwa Zakayo tunaenda lini?"

Zakayo ni mdogo wangu, kitinda mimba wa kwetu. Alikuwa akiishi Oakland, California, upande wa pili kabisa wa nchi hii, na Mama alikuwa hajamtia machoni miaka tisa. Viza yake ilikuwa ya miezi sita. Nilimjibu kwamba tutaenda, lakini si kwa ndege. Tutaenda kwa gari, nikamwambia, kutoka bahari hii hadi bahari ile, na nitakuonyesha Amerika yote.

Wacha nikueleze nilivyokuwa, usije ukadhani nilikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Kazi yangu ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wakongwe katika nyumba ya kutunzia wazee huko Hyattsville, na nyumbani walidhani nina ofisi. Sikuwa na shahada wala mke wala nyumba ya kumwonyesha Mama. Nikaona basi nimwonyeshe milima. Nilitaka akirudi Nakuru awe na la kusimulia, na aseme aliyemwonyesha ni mimi. Maskini naye ana kiburi chake, mwanangu, na changu kilikuwa kikubwa.

Nilinunua kitabu cha ramani kwenye kituo cha petroli. Nilikwenda maktaba nikatoa nakala za picha. Kila nikitoka kazini natandaza makaratasi juu ya meza ya kulia, kalamu ya njano mkononi. Tungeanzia ufukweni hapa Maryland, Mama achovye miguu katika Atlantiki. Kisha milima ya Virginia, mto Mississippi, mbuga za Kansas, milima ya Colorado, Korongo Kuu la Arizona, hadi Pasifiki, achovye tena. Nilimpa picha moja moja. Alizigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Ni pazuri." Halafu anauliza maswali yake. "Huko Kansas tuna nani?" Hatuna mtu, Mama. "Na huo mto, tukishauona tunafanya nini?" Nilikuwa nikicheka. Kwake yeye safari ni kwenda kwa mtu, na mimi nikauita huo ushamba.

Mwezi wa tatu nilikuwa na siku kumi za likizo. Ningeweza. Lakini nilisoma kwamba juu milimani bado kuna theluji, nikasema tungoje maua. Maua yalipochanua nilikuwa nimeshagundua njia nyingine yenye mandhari bora zaidi, nayo ilitaka siku mbili za ziada. Kisha nikasikia barabara moja ya Colorado hufunguliwa mwezi wa sita, na bila barabara ile nikaona safari itakuwa na pengo. Zakayo akapiga simu.

"Bro, hiyo maneno ya milima achana nayo," akasema. "Mwekelee mathe kwa ndege, nitamchukua airport. Ni masaa tano tu."

"Apite juu ya mawingu nchi nzima, aone nini?"

"Anione mimi."

Nilimwambia mimi ndiye mkubwa, nikakata simu. Mwezi wa saba msimamizi wangu akaninyima likizo, na hapo nikapata wa kumlaumu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililokuwa likiumia halikuwa langu.

Sasa nifikie lile linalonila mpaka leo. Penye miti hapana wajenzi. Kazini nilikuwa nimefunzwa dalili za mzee anayepoteza macho: anamwaga chai kando ya kikombe, anashika kuta, anageukia sauti badala ya uso. Wazee wa watu wengine niliwaona. Mama yangu alipomwaga chai, nilimnunulia kikombe kikubwa. Aliponishika mkono kwenye ngazi, nilisema ni hofu ya kuteleza, hata barafu ilipokwisha. Alipoacha kushona vitambaa vyake, aliniambia amechoka, nami nikaridhika. Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo wanavyosema. Mimi niliambiwa.

Aliyeniambia ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, Bi Loretta, Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu aliyejifunza Kiswahili darasani ujanani mwake, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Mwanzoni mwa mwezi wa nane alipanda kuja kumwamkia Mama. Akamnyooshea mkono. Mama akatabasamu vizuri kabisa kuelekea ile sauti, na mkono wake ukabaki mapajani. Bi Loretta aliurudisha mkono wake polepole, akaniomba tutoke ukumbini.

"Ndugu yangu, samahani. Mama yako hakuuona mkono wangu."

"Ameuona. Amechoka tu."

"Hakuuona," akarudia. "Nenda ukamtazame."

Nilirudi ndani. Nikasimama kando ya kiti cha Mama, nikainua vidole kama tunavyofanya kazini. Ni vingapi, Mama? Akageuza kichwa kufuata sauti yangu. Nikavisogeza mbele. Akasema, "Acha, mwanangu. Umeshajua."

Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kama angeanza dawa ya matone mara tu alipofika, pengine angebaki na kile kidogo alichokuja nacho. Maana alikuja akijua. Huko Nakuru walikuwa wamemwambia macho yanakwenda, naye akapanda ndege kuja kumwona Zakayo kabla hayajaisha.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa nalia, sioni haya kukwambia. Akanipapasa kichwa. "Ulikuwa na furaha na karatasi zako," akasema. "Tangu nifike sikukuona na furaha nyingine. Nikasema nitangoja, labda macho nayo yatangoja."

Wiki iliyofuata tulipanda ndege. Masaa tano, kama alivyosema Zakayo. Siku hizo jamaa waliruhusiwa kuja kumpokea mtu pale pale anaposhukia, na nilimwona mdogo wangu amesimama, amevaa shati la kanisani. Nilimfikisha Mama mbele yake. Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akampeleka taratibu hadi kwenye kioo kikubwa cha dirisha, akamgeuza huku, akamgeuza kule, akimtafutia mwanga. Watu wakatupita na mizigo yao. Zakayo alisimama kama mtoto anayenyolewa.

"Umefuga ndevu," Mama akasema mwishowe, vidole vikiwa kidevuni mwake.

Kisha, bila kunigeukia na bila hasira yoyote, akaniambia, "Mwezi wa tatu ningemwona."

Mama alirudi Nakuru, akaishi gizani miaka kumi na mmoja, na kila mgeni aliyekuja, Mama alimuuliza Zakayo anafanana na nani siku hizi. Zakayo na mimi huongea kwenye harusi na matanga tu. Miaka baadaye nilikwenda peke yangu hadi lile korongo la Arizona. Ni kubwa kweli. Nilikaa dakika kumi, nikarudi kwenye gari.

Basi mwanangu, sikukatazi safari, wala sisemi nchi hii si nzuri. Ninalokwambia ni hili: kabla hujachora njia, muulize unayetaka kumfurahisha yeye anataka nini, na akikujibu, usimsahihishe. Kama yupo mtu anayekungoja mwisho wa barabara, nenda kwake kwanza, kwa njia fupi, hata kama ni mbaya. Milima itakungoja, haijui kuzeeka. Na aliye nyumbani mwako mtazame usoni kila siku, kwa sababu wakubwa wako watakuficha maumivu yao ili furaha yako isiharibike. Wapole ndivyo walivyo. Mimi kwangu maji yamekwisha mwagika, sina la kuzoa.

Nenda salama. Mungu akufungulie njia, akulinde na gari lako, na utakapobisha hodi, aliye ndani akutambue kwa sura yako, si kwa sauti.