Miaka Ishirini na Sita Nyuma ya Rangel

Ufunguo alipewa Rangel.

Nevena alikuwa amenyoosha mkono, kiganja wazi. Yule muuzaji, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri aliyejitambulisha kwa jina la Plamen, alimzunguka kama mtu anavyozunguka nguzo, akauweka ufunguo mkononi mwa mumewe. Mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto, ule ambao tangu kiharusi cha miaka miwili iliyopita haukuweza hata kufunga kifungo cha shati. Ufunguo ukaanguka sakafuni.

"Pole, mzee," Plamen alisema. Akainama, akauokota, akampa tena Rangel.

Nevena alirudisha mkono wake mfukoni. Walikuwa wametoka Smolyan kwa basi la alfajiri hadi hapa Plovdiv, na njiani alikuwa amejiapiza kwamba leo hatagombana na mtu kabla ya saa sita. Ilikuwa saa nne na robo.

Pikipiki zilikuwa mbili, zimeegeshwa ubavu kwa ubavu karibu na kioo cha mbele cha duka: moja nyekundu, moja ya kijivu, zote za safari ndefu, zote zimetumika miaka minne, bei karibu sawa. Majira yote ya baridi zilikuwa zikigombana nyumbani kwao. Rangel alikuwa upande wa nyekundu. Alikata picha yake gazetini akaibandika kwenye friji, na kila jioni alimsomea mkewe nguvu zake, kasi yake na jinsi inavyolala kwenye kona, kwa sauti ya mtu anayesimulia ujana wake. Nevena alikuwa upande wa kijivu, lakini yeye hakuwa na gazeti. Alikuwa na vidole.

Alikuwa fundi wa kuwamba viti. Karakana yake ilikuwa nyuma ya kituo cha mabasi cha Smolyan, na kila kiangazi waendesha pikipiki waliovuka milima ya Rodopi walisimama mlangoni pake wakitembea kama watu waliopigwa. Aliwafungulia viti vyao. Chini ya ngozi, sponji haifichi kitu: inaonyesha mtu aliegemea wapi, aliteleza wapi, alivumilia wapi. Kiti cha mbele huchakaa katikati, kwa sababu aliye mbele anakaa. Kiti cha nyuma huchakaa kwenye ncha, kwa sababu aliye nyuma anajizuia asiteleze. Hayo aliyajua kwa miaka thelathini ya kisu na sindano, na hakuna mwandishi wa gazeti aliyewahi kuja kumuuliza.

Na aliyajua kwa kiuno chake pia. Miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya Rangel. Kila Juni walishuka hadi Ahtopol, kwenye Bahari Nyeusi, na njia nzima mbele ya macho yake kulikuwa na mgongo wa koti jeusi. Dunia aliiona kwa ubavu tu. Kila asubuhi ya safari yeye ndiye aliyemwaga maji mbele ya gurudumu, kutoka kwenye birika la shaba la marehemu mama mkwe, ili njia ya msafiri iende laini kama maji. Kisha alilirudisha birika dirishani, akapanda nyuma.

Kiharusi kilipokuja, Rangel alihamia kwenye kiti cha dirishani, karibu na birika, akakaa hapo kiangazi kizima. Nevena alimwacha. Aliona ni haki mtu ayaombolezee mambo yake kwa muda wake. Mpaka siku moja alitoka kazini akakuta banda halina kitu. Rangel alikuwa ameiuza pikipiki yao ya zamani kwa mtu wa Kardzhali.

"Ilikuwa yangu," alisema.

"Na kiti je? Nimekiwamba mara tatu."

"Ungekitoa."

"Ningekitoa lini? Uliniambia?"

"Tununue kagari kadogo," Rangel alisema, akitazama nje. "Tutulie kama watu wa umri wetu."

Ni hasira hiyo iliyompeleka Nevena shule ya udereva akiwa na miaka hamsini na tatu, kati ya vijana waliomwita mama na kumwekea mkono mgongoni kila pikipiki ilipomlemea. Alianguka mara mbili. Oktoba akapata leseni. Rangel aliitazama kwa muda mrefu mezani, akasema picha imetoka vibaya. Krismasi ndipo alipokubali kwamba pikipiki inunuliwe, lakini kwa sharti. "Wewe unajua viti," alisema. "Pikipiki naijua mimi. Nitachagua mimi."

Sharti hilo ndilo lililokuwa limesimama katikati yao sasa, pale dukani. Nevena alijua kwamba akimwachia Rangel kuchagua, basi hata akishika usukani mwenyewe atakuwa bado amekaa nyuma.

"Mzee ana jicho," Plamen alikuwa akisema. "Hii nyekundu ni mnyama. Ukivuta mafuta kidogo tu, jiji la Sofia hilo."

"Sofia sina shughuli nayo," Nevena alisema. "Naomba utoe viti."

"Viti?"

"Cha nyekundu na cha kijivu. Viweke hapa mezani."

Plamen alimtazama Rangel, kama anayeuliza iwapo huyu mama kweli yuko naye. Rangel alitazama dari.

"Mama, watu hawanunui kiti."

"Najua. Wananunua pikipiki kwako, halafu kiti wanakuja kukinunua kwangu. Toa."

Plamen akatoa. Nevena alivigeuza, akavibonyeza kwa kidole gumba kuanzia nyuma kwenda mbele, taratibu, kama anavyobonyezwa mtoto tumboni kutafutwa panapouma. Cha nyekundu kilikuwa chembamba, kimeinamia mbele. Kwenye ncha ya nyuma sponji ilikuwa imekufa. Cha kijivu kilikuwa kipana, kimelala sawasawa, nacho kilirudi juu mara tu kidole kilipotoka.

"Nyekundu za aina hii nimeletewa saba kwa miaka mitatu," alisema. "Zote ni kiti cha nyuma. Za kijivu nimeletewa mbili, na moja ni kwa sababu paka alizalia juu yake."

Rangel alicheka, kisha akakimeza kicheko. "Nevena, kiti utashona. Injini huwezi kushona."

"Mzee kamaliza," Plamen alisema, akacheka kwa niaba ya wote wawili.

Damu ilimpanda Nevena hadi masikioni. Hawa watu walikuwa wamefahamiana kwa nusu saa tu, na tayari walikuwa wamejifungia ndani ya chumba ambacho yeye alikuwa akibisha mlango wake kwa miaka ishirini na sita. Hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja.

"Nani atakaa nyuma?"

Majira yote ya baridi, katika mabishano yote yale, neno hilo halikuwa limetajwa. Hata kwenye picha ya friji, nyuma ya mwendeshaji hapakuwa na mtu.

"Tunaweza kuijaribu," Plamen alisema baada ya kukohoa. "Mzee ataendesha mwenyewe, au…"

Nevena aliweka leseni yake juu ya meza ya kioo. "Yeye ni abiria."

Plamen aliisoma mara mbili. "Ni nzito hii, mama."

"Nageuza makochi ya mabasi kila siku. Mtafutie mzee helmeti."

Alianza na nyekundu, ili asiambiwe ameipendelea nyingine. Langoni ilimzimikia, na nyuma ya kioo aliona Plamen akitikisa kichwa. Akaiwasha tena. Rangel alikuwa amekaa nyuma yake, mkono mzima umemshika kiunoni, ule mbovu umelala kwenye paja. Wakatoka mjini kwa barabara ya Kuklen, kati ya mashamba ya mizabibu, hadi pale milima inapoanza na barabara kuanza kupanda.

Kwa mara ya kwanza nje ya shule ya udereva barabara ilimjia usoni bila kupita juu ya bega la mtu. Ilikuja yote, na mwanga wake na mashimo yake. Nevena alihisi machozi, na hakujua kama ni ya upepo.

Lakini hasira haikushuka njiani. Kila aliposhika breki, Rangel aliteleza akamlalia mgongoni, na helmeti zao zikagongana. Kwenye kona ya tatu alihisi anapigwapigwa begani. Rangel alisema kitu; upepo ukakichukua.

"Bado kidogo," Nevena alijibu kwa sauti kubwa. "Tukishapita kona."

Ndipo akasikia maneno hayo ni ya nani.

Alikuwa ameambiwa hivyo kila Juni. Miaka yote aliamini kwamba Rangel alimsikia na hakujali. Kumbe mbele hakusikiki kitu, ni upepo mtupu. Jambo hilo lilimtuliza kwa muda wa kona moja, kisha likamkasirisha zaidi kuliko mwanzo. Kama mbele hakusikiki, basi aliye mbele ndiye anayepaswa kusimama na kuuliza. Ni jambo dogo. Rangel angeweza kulifanya hata mara moja tu.

Nevena akasimama.

Rangel alishuka kwa shida, akasimama miguu imetanuka, mkono kiunoni. "Kiti gani hiki," alisema.

"Sikusikii."

"Nasema kinasukuma. Kila ukishika breki nakupanda mgongoni."

"Nyoosha miguu."

Rangel aliinua kioo cha helmeti, akamtazama. Na hayo pia yalikuwa maneno yake mwenyewe, na safari hii aliyatambua.

"Ilikuwa hivi?"

"Ilikuwa mbaya zaidi, mpaka nilipokiwamba mara ya tatu. Ukasema nimekiharibu, ulikuwa umezoea kile cha zamani."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia tulipofika Yambol. Nilikuambia Burgas. Mwaka ule wa mvua ya mawe nilikuambia nikilia, ukaenda kuninunulia mahindi ya kuchemsha."

"Nilidhani una njaa," Rangel alisema.

Alikuwa akisema kweli, na Nevena aliona heri angedanganya. Mtu mwongo unajua umfanye nini. Akawasha pikipiki, wakarudi dukani.

Ya kijivu ilikuwa nzito zaidi kuigeuza, nayo haikuwa na haraka ya kwenda popote. Ilipanda mlima ikinguruma chini chini. Safari hii Rangel hakuteleza. Walipita pale waliposimama mwanzo, wakaendelea, na ni mara moja tu alipogusa bega lake, akanyoosha mkono kuonyesha upande wa kulia. Juu ya nguzo ya umeme kulikuwa na kiota, na ndani yake korongo amesimama kwa mguu mmoja.

Walipovua helmeti mbele ya duka Rangel alibaki amekaa kidogo. "Wako wengi wale?" aliuliza.

"Korongo? Njia nzima hadi baharini."

"Sikuwahi kuwaona."

"Ulikuwa unaendesha," Nevena alisema. Alitaka kulisema kwa ukali, na likatoka hivyo hivyo lilivyo, bila makali.

Rangel alipita kando ya nyekundu bila kuigusa. "Ya kijivu," alimwambia Plamen, kana kwamba hilo lilikuwa wazo lake tangu zamani. Hilo Nevena angelishughulikia nyumbani. Lakini Plamen aliposukuma karatasi ya mauzo mbele yao, lilikuwa jina la Rangel lililoandikwa, kwa herufi kubwa nzuri.

"Andika upya," Nevena alisema.

"Mama, hii ni karatasi tu. Mke na mume, si kitu kimoja?"

"Kama ni karatasi tu, haitakuuma kuichana. Ukiandika upya, andika Nevena."

Plamen alimgeukia Rangel kwa mara ya mwisho siku ile. Rangel alikuwa akihangaika na zipu ya koti kwa mkono wake mmoja mzima.

"Unaniangalia nini, kijana?" alisema. "Hapa mimi ni mzigo. Muulize dereva."

Ufunguo uliwekwa mezani, katikati, mbali kidogo na kila mtu. Nevena aliuchukua kabla haujapoa.

Juni ilipofika walifunga masanduku ya pembeni mapema, jua likiwa bado nyuma ya mlima. Nevena alikuwa tayari ameketi, injini inanguruma, alipokumbuka maji. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika pikipiki. Kwa miaka yote alikuwa akimwaga kisha anapanda, na hakuwahi kufikiri kwamba anayeshika usukani hawezi kujimwagia.

Mlango ukafunguka. Rangel alitoka na birika la shaba, amelishika kwa mkono wa kulia, akilitazama kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani. Hakuwa amewahi kulifanya hili. Yeye ndiye aliyekuwa akimwagiwa. Alisimama mbele ya gurudumu, akaliinamisha, na maji yote yakatoka kwa mkupuo mmoja, nusu chini, nusu kwenye kiatu cha Nevena.

"Umenimwagia mimi."

"Si wewe unayesafiri?"

"Na wewe je?"

"Mimi nabebwa."

Alilirudisha birika dirishani. Kupanda kulimchukua muda, na Nevena hakugeuka kumsaidia, alizuia tu pikipiki isiyumbe. Kisha mkono ukamshika kiunoni.

"Tukifika Yambol usimame," Rangel alisema karibu na sikio lake.

"Nitasimama kabla ya Yambol. Nikuulize."

Kiatu kilikuwa kimelowa hadi kwenye soksi, na bado alikuwa na hasira, nyingi mno kuisha kwa asubuhi moja. Akaingiza gia.