Draiva Niliyoiteremsha Shimoni

Mimi niliacha shule darasa la tatu nikaingia kwenye duara, yaani shimo la dhahabu la kuchimba kwa mikono, kule upande wa Kharumwa. Duara ndilo lililojenga karakana yangu ya mageti hapa Kambarage. Hakuna aliyenishika mkono.

Kuchora geti kwa kipanya siwezi, vidole vyangu vimezoea chaki. Binti yangu, ambaye kazi yake ni kompyuta, akaniletea kibao cha mtumba na kalamu yake: unachora pale, mstari unatokea kwenye skrini. Lakini kompyuta yetu ina mfumo endeshi wa ukoo wa Unix, nao haukukitambua kibao. Ikabidi aandike draiva mwenyewe, programu ndogo ya kuiambia mashine kalamu iko wapi.

"Nimeiweka nje ya kiini, Baba. Kiini ndicho kinaendesha mashine nzima. Draiva ikae juu na programu nyingine."

Nikachora. Mstari ukawa unachelewa nyuma ya kalamu, nikakasirika. Shimoni kwetu, wa juu wanaoshika kamba tuliwaona wavivu. Mwanamume alikuwa yule wa chini, kwenye mwamba.

"Iteremshe humo kwenye kiini. Huko juu inazembea."

"Ikianguka huko chini, itaangusha mashine yote."

"Teremsha, mayu, mama yangu. Karakana hii ya nani?"

Akateremsha huku akinung'unika. Mstari ukakaa sawa, nami nikatamba siku nzima.

Kesho yake alikuwa anakuja mama mmoja wa parokia ya huko Bukombe, aone mchoro wa geti la kanisa ndipo aamue kutupa kazi au kwenda kwingine. Asubuhi hiyo nikagusa waya wa kibao, ukalegea. Skrini ikaganda. Kipanya, kibodi, vyote kimya. Tukazima kwa kitufe, na mchoro, ambao sikuuhifadhi, ukapotea.

Binti akairudisha draiva juu, nikaanza upya, mstari ukichelewa na mimi nikiusubiri. Mama akanikuta nachora nguzo ya pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, geti lako linazaliwa."

Nilipofika kwenye upinde, waya ukalegea tena. Kalamu ikafa. Ila mchoro ulibaki palepale, na kipanya kilitembea. Binti akakaza waya, akaandika amri moja, kalamu ikaamka.

"Kimetokea nini?" mama akauliza.

"Draiva imezimia," binti akajibu. "Bahati leo iko juu, haikuua mtu. Jana mzee aliipeleka shimoni."

"Mzee na mashimo yake," mama akacheka. Nikacheka nami, ningefanya nini?

Akasogeza kiti. "Hii mikuki ya juu toa. Watoto wa kipaimara wanaruka geti kila Jumamosi."

"Si muwafungulie?"

"Ufunguo anao padre, na padre mchana analala."

Nikaifuta mikuki, nikaweka vichwa vya mviringo. Akavitazama, kisha akaweka pochi yake sakafuni.

"Haya. Sasa mlango mdogo, wa waenda kwa miguu, utauweka upande gani?"

Nikajua kazi ni yetu.