Babangu Aliuza Minazi, Si Mchanga

Miaka ile ya tisini na kitu tulikaa Arlington, Texas, mimi, binti yangu na mjukuu wangu wa kike. Binti yangu alikuwa akiuguza wazee, harudi mpaka jua lizame. Kazi yangu ilikuwa mtoto akirudi shule anikute na mahamri ya moto. Oh, jikoni mle mlinukia iliki! Mimi sikusoma, niliishia chuo cha Kurani. Lakini majina hayanipotei. Ya wote waliomo katika kisa hiki ninayo, ila siyataji, maana sasa wana watoto wao.

Siku moja mjukuu wangu alirudi na picha ya kupaka rangi. Mikokoteni ya walowezi yaingia Texas, na ardhi yote nyeupe, tupu.

"Na wenyewe wa ardhi hii wako wapi?" nikamuuliza.

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Walisaini karatasi, Bibi. Kisha wakahama."

"Wakahama? Kwani walipata pazuri zaidi?"

Akacheka. "Sijui. Ndivyo tulivyofunzwa."

Nikaliweka chini hamri langu, maana babangu alisemwa vivyo hivyo.

Kwetu pwani, mnazi una mwenyewe na mchanga, yaani ardhi, una mwenyewe. Waweza kuuza minazi yako na ukabaki na nyumba yako chini yake. Babangu alikuwa na minazi kumi na miwili, kila mmoja na jina lake. Alipotia dole gumba kwenye hati alijua ameuza minazi. Hati ilikuwa ya Kiingereza, nayo ilisema mchanga. Tukafukuzwa, mamangu na kinu kichwani, na majirani wakisema, "Si alisaini mwenyewe?"

Nikamsimulia mtoto yote hayo. Akatafuna, akafikiri.

"Kwa hivyo babako alikuwa mjinga?"

Niliona kwamba nikifa, hilo ndilo atakalobaki nalo.

Wiki hiyo shule ikaalika mabibi na mababu. Nikaenda nimejitanda leso zangu, nikakalia kiti cha kitoto, magoti yanagusa kidevu. Nikaeleza habari ya minazi, mjukuu akitafsiri.

"Lakini alisaini!" akasema mtoto mmoja wa nyuma.

"Alisaini minazi, wewe!" akamrukia mwenzake. "Husikii?"

Darasa likawa soko. Mwalimu alipowanyamazisha, mjukuu wangu akainua mkono. "Na wale wa hapa, kabla ya kusaini waliambiwa nini?"

Mwalimu akafungua kitabu, akakifunga. "Humu hamna," akasema. "Nitatafuta."

Na alitafuta, Mungu amlipe. Akaja na nakala ya mkataba mmoja wa zamani waliousaini wenyeji wa pale, akawasomea wote, wakabishana maana ya kila neno. Wote, nasema. Mtoto wa aliyefukuzwa huyasikia mambo haya kwao. Wa aliyebaki na mchanga atayasikia wapi, kama si shuleni? Laiti shule zote zingefanya hivyo.

Siku hiyo mjukuu wangu alirudi, hakugusa hata mahamri. Akaitoa ile picha, akachora nyumba na watu pale palipokuwa peupe. Kisha akageuza karatasi, akashika penseli.

"Bibi, hakuwa mjinga," akasema, kwa Kiswahili. "Niambie majina ya minazi."

Nikaanza na ule wa mlangoni.