Wasio na Muda wa Kuandika Barua

Mtaa mzima ulimwita Kipara, naye hakukasirika, maana kichwa chake kiling'aa kuliko kioo cha dukani kwake. Mteja mgeni akiingia na kumtazama kwa mashaka, alimwahi: "Kaa tu, ndugu yangu. Kinyozi hajinyoi, na mimi hata cha kunyoa sina. Ufundi wote ni wako." Watu walicheka, wakakaa, na kitambaa kikishafungwa shingoni wakaanza kusema. Hilo lilimshangaza tangu siku zake za mwanzo kazini: mtu asiyemwambia mkewe neno, mashine ikigusa kisogo tu, anafunguka.

Barua ya shirika la hisani ilimkuta akisafisha mashine kwa spiriti. Ilimwomba ajiunge na kamati ya watu saba wanaojitolea, ambao kila mwaka huamua fedha za shirika zielekezwe wapi kwanza. Mshahara hakuna, chai ipo. Aliisoma mara mbili, akaenda nayo nyumbani.

"Wamekosea," alimwambia mkewe. "Mimi na kamati wapi na wapi?"

"Wamekosea jina lako, la baba yako na la mtaa?" mkewe alijibu huku akikunja nguo. "Nenda, baba watoto. Shirika hilo sisi tunalijua."

Walilijua kweli. Miaka kumi na mitatu nyuma, binti yao alizaliwa na nyayo zote mbili zimepinda kwa ndani, kama mtu anayetaka kupiga makofi kwa miguu. Daktari alisema zitanyooka, ila mtoto afungwe plasta mpya kila wiki, kisha avae viatu vilivyounganishwa kwa chuma kwa muda mrefu. Kipara wakati huo alikuwa amekodi kiti kimoja kwenye duka la mtu mwingine. Wiki ya kwanza walikwenda, ya pili wakaenda, ya tatu pesa zikaisha, wakakaa kitandani wakitazamana. Kisha shirika likayabeba matibabu yote mpaka mwisho. Kipara aliamini kuna bosi mmoja mwenye huruma, kwenye ofisi yenye zulia, aliyetia saini. Kila alipomkumbuka alimwombea dua. Binti mwenyewe sasa kosa lake kubwa nyumbani ni kushuka ngazi mbio.

Jumamosi ya kikao cha kwanza alivaa shati la harusi za watu. Zulia hakuliona. Aliona meza mbili zilizosogezwa pamoja, moja fupi kuliko nyingine, na feni iliyokuwa ikilalamika zaidi kuliko kupuliza. Waliokaa pale aliwajua kwa sura: mama muuza mikate, mwalimu wa chekechea, fundi wa kuchomelea mageti. Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi.

"Hunikumbuki, mwanangu?" aliuliza.

"Shikamoo, mama. Kwa kweli sikumbuki."

"Marahaba. Nilikuja kwenu nikaomba maji. Mkeo alinipa kwenye kikombe kilichovunjika mkono, akaniomba radhi mara tatu."

Hapo akamwona vizuri. Ni yule mama aliyekaa nusu saa akipapasa miguu ya mtoto, akiuliza plasta ni siku gani na kliniki iko mbali kiasi gani. Wao walimdhania mtu wa chanjo.

"Nilirudi hapa tukabishana mpaka chai ikapoa," mkunga aliendelea. "Wenzetu walitaka ukuta wa uwanja, na ukuta nao ulihitajika. Tukapiga kura. Nne kwa tatu. Miguu ya watoto ikapita, watoto kumi na mmoja, wako akiwemo."

Kipara alitaka kushukuru. "Asante" ilikuwa fupi mno, haikufika popote. Alikishika kikombe chake kwa mikono miwili. "Kura moja," alisema. "Kura moja tu, mama."

"Moja tu. Kwa hiyo ya kwako usiichezee."

Labda maneno hayo ndiyo yaliyomfunga mdomo. Vikao viwili vizima alisikiliza tu. Maombi yalikuwa rundo: mabomba ya maji ya shule, madawati, taa za uwanja wa mpira. Mengine yalipigwa chapa vizuri, yakaambatanishwa picha za rangi. Kazi yao ilikuwa kuchagua mambo matatu ya mwaka huo, kisha ndipo waanze kuchambua nani apewe nini. Kikao cha tatu mkunga alimgeukia. "Wewe unashika vichwa vya watu kutwa. Vinasema nini?"

Kipara alikohoa, akawasimulia habari za Mzee wa Posta.

Huyo mzee aliwahi kugawa barua mtaani miaka thelathini. Kila Jumatano alikuja kunyolewa, na nywele zenyewe ni za kuhesabu. Siku moja Kipara alimtania: "Mzee wangu, wiki iliyopita nilizikata. Hazijapata hata habari kwamba zimekatwa." Mzee alitabasamu. "Wewe nipapase tu na mashine, mwanangu. Jirani amekaa na mama yenu kwa nusu saa. Nusu saa hii ndiyo likizo yangu." Mkewe alikuwa amepigwa na kiharusi, na huo ulikuwa mwaka wa tano; kumlisha, kumgeuza, kumwogesha, yote ni mikono ya mzee. Siku hiyo alisinzia kitini. Kipara alizima redio, na wateja wanne waliokuwa kwenye benchi wakasubiri bila kunung'unika.

"Na si yeye peke yake," Kipara aliwaambia wanakamati. "Nikienda kunyoa wagonjwa majumbani, mgonjwa namkuta msafi, amekula. Anayemuuguza ndiye hajala."

Fundi wa kuchomelea alikuna kidevu. "Sawa, lakini maombi yao yako wapi? Leo tukimpa asiyeomba, kesho kila mtu ataleta wa kwake."

"Wataandika saa ngapi? Mtu asiyepata muda wa kuchana nywele, aandike kurasa nne na picha?"

Wote wawili walikuwa na haki. Mkunga ndiye aliyepata njia. "Mtoto akikaa vibaya tumboni hatumgombezi, tunamgeuza. Tusogeze mbele tarehe ya kuamua kwa mwezi mmoja. Twende wenyewe majumbani, tuandike kwa kalamu zetu wanayosema. Hayo ndiyo yatakuwa maombi yao."

Wakagawana nyumba. Fundi alipewa tatu, akaenda uso umekunjwa. Kikao kilichofuata alikuja na karatasi iliyojaa namba. "Hii si ripoti," alisema bila kumtazama mtu. "Ni vipimo. Kuna dada mmoja anamnyanyua mama yake mgonjwa peke yake, hana hata pa kushika. Nitaweka chuma ukutani. Hilo halihitaji kura, vyuma ninavyo."

Wanaouguza wagonjwa majumbani wakaingia kwenye mambo matatu ya mwaka, kwa kura zote saba. Taa za uwanja zikakosa. Kepteni wa timu alikuwa mteja wa Kipara. Alinuna, akahamia kwa kinyozi mwingine, na baada ya mwezi akarudi na kichwa kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Kipara alimtengeneza bila kumcheka. Alimweleza tu jinsi walivyoamua, na kwamba taa zirudishwe mezani mwaka ujao.

Shirika liliwafundisha watu kumi na wanne, chini ya muuguzi mmoja, kukaa na wagonjwa asubuhi mbili kwa wiki. Mzee wa Posta sasa hunyolewa mara moja kwa mwezi. Jumatano zake, msaidizi akikaa na mkewe, anacheza drafti na wastaafu wenzake, na anashindwa vibaya. "Umeniharibia biashara, mzee wangu," Kipara humwambia, na mzee humshika mkono kwa muda mrefu asiuachie.

Mwezi uliopita kamati ilimtuma Kipara kutazama mambo yanavyokwenda kwa yule dada anayemtunza mama yake. Alibisha hodi akapokelewa na msaidizi. Mama mzee alikuwa ameketishwa dirishani, mkono mmoja kwenye chuma cha ukutani.

"Mwanangu hayupo," bibi alisema, na uso ulijaa fahari kama anayetangaza mtoto amefaulu mtihani. "Ametoka."

Dada alirudi baada ya saa moja, akamwona mgeni, akaanza kuomba radhi. Alikuwa kwa fundi cherehani, alisema, kupimwa gauni. Mara ya mwisho kupimwa ilikuwa miaka minne iliyopita, na fundi amemwambia vipimo vya zamani avitupe, amekonda. Akatoa kipande cha kitambaa mkobani, cha kijani chenye maua madogo, akakiweka mapajani kwa mama yake.

"Kizuri, mama?"

Bibi alikipapasa kwa vidole vilivyokuwa bado vina nguvu. "Kizuri. Mwonyeshe na mgeni."

Kipara alikishika pembeni, akakitazama kwa makini kama anayejua mambo ya vitambaa, akasema kitampendeza sana.