Uzi wa Manyoya Juu ya Makochi ya Mama

Wanga wa muhogo ukichemka huwa na harufu nzito, ya uji uliosahauliwa motoni, na mimi mpaka leo nikiinusa nakunja ndita. Kwetu Nkoaranga harufu hiyo ilimaanisha sherehe imekaribia: vitambaa vya makochi vinafuliwa, vinachovywa kwenye wanga, vinapigwa pasi ya mkaa hadi vinasimama vyenyewe. Na binti anayepata kipaimara ilibidi afume vya kwake, kwa mkono wake, wageni wakae waone kama amefundwa. Asipoviweza, ndugu wanaleta vya binti mwingine, na aibu hiyo ataisikia mpaka siku ya kuolewa.

Mwaka wangu ulipofika, mama alirudi kutoka mnadani na sweta la mtumba, la zambarau, limejaa manyoya marefu yanayong'aa. Nikalipenda papo hapo. Nikalifumua lote na kutangaza kwamba vitambaa vyangu vitakuwa vya uzi ule. Shangazi, dada yake baba, ambaye vitambaa vyake vyeupe vilisifiwa usharika mzima, alicheka hadi akashika mbavu. "Hiki ni kitambaa au paka? Mkataa pema, pabaya panamwita." Jamani, uzi ule ulikuwa mkaidi! Manyoya yalifunika matundu yote, sindano ya kroshia ikakosa pa kuingia. Ukikosea, hufumui: manyoya yameshashikana, ukivuta unakaza fundo. Nililia, nikatupa, nikaokota. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwishowe nikachukua uzi mwembamba wa pamba, nikaufuma pamoja na ule wa manyoya, na kidole gumba kikawa kinaufuata ule mwembamba kutafuta tundu. Macho sikuyahitaji tena. Nilifuma hata nikiangalia maziwa yasifurike.

Ijumaa kabla ya kipaimara nilikwenda kanisani kwenye mazoezi. Kurudi, lo! Shangazi amevichovya vitambaa vyangu vyote kwenye wanga na kuvianika juu ya mibuni. Kwa haki, hakuwa na nia mbaya. Kwake yeye kitambaa kisichotiwa wanga bado hakijaisha. Lakini manyoya yalikuwa yamegandamana, magumu, mbuzi aliyenyeshewa ana nafuu. "Basi," akasema, "vya Neema vipo, vyeupe, tutavitandika hivyo." Neema alikuwa binti yake. Nikavibeba vyangu hadi mferejini, nikavisuuza katika yale maji ya mlimani yanayokata vidole, na Jumamosi nzima nikavichana kwa kitana hadi manyoya yakasimama tena.

Jumapili asubuhi nikakuta vya Neema vimeshatandikwa. Nikavitoa, nikavikunja vizuri, nikampelekea shangazi kwa mikono miwili. "Shikamoo shangazi. Asante, ila sherehe ni yangu." Akamgeukia mama, akitegemea nitakaripiwa. Mama akasema tu, "Mwache. Amevifuma mwenyewe." Wageni wakakaa juu ya zambarau. Wengine walicheka, kweli. Wacheke! Nilikaa katikati yao kichwa juu, na sijawahi kujivunia kitu kama siku ile.

Siku hizi nakaa mjini, Sombetini, na sherehe zetu zinapambwa na watu wa kukodi. Vitambaa vya kung'aa vinashushwa kwenye gari asubuhi, jioni vinaondoka, na mtoto mwenye sherehe hajagusa hata pini. Vinapendeza kwenye picha, sikatai. Ila havina mwenyewe. Binti yangu alipofikia kipaimara alifuma vyake, vya uzi wenye vipande vya kumetameta, uzi msumbufu unaokatika ovyo, na vilipinda kidogo. Mpambaji alipofika alivikusanya vyote kwapani, akaniuliza, "Mama, hivi tuvifiche wapi?" Nilifungua mdomo nimpe lake, lakini binti yangu aliniwahi.

"Dada, virudishe," alimwambia. "Vya kufichwa ni hivyo ulivyokuja navyo."