Mfereji Aliouchagua Mama

Mama yangu aliosha maiti wa kike wa mtaa wetu wa Mji Mkongwe kwa miaka mingi, hata wanawake wazima wakikutana naye kwenye uchochoro walikuwa wakimwamkia huku wakimwangalia mikono. Nilipokuwa mdogo niliwahi kusimama nje ya pazia nikamsikia akizungumza na aliyelala juu ya kitanda cha kuoshea. Kabla ya kumwaga kata ya kwanza alimtahadharisha: "Nnakutia maji, mwenzangu. Vumilia baridi." Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko ile aliyotumia kwetu sisi wanawe, na hilo lilinitia wivu.

Mikono hiyo sasa imekakamaa. Baridi yabisi imevikunja vidole, na mfereji wetu wa kuzungusha, wa kwenye beseni la kunawia, ukamshinda. Kila wakati wa sala alikuwa akiniita, nami naitika naam, naacha nilichoshika, naenda kumfungulia. Mimi sikuona taabu, lakini yeye aliona. Siku moja alinisukuma kwa kiwiko, machozi yakimlengalenga.

"Anayetiwa maji na mwenziwe ni maiti," alisema. "Mie bado."

Basi nikampeleka Darajani kutafuta mfereji usioguswa, ule wenye jicho, unaofunguka wenyewe ukiona mkono. Muuza duka alikuwa ameipanga mitatu kwenye ubao, yote ina maji. Alimwamkia Mama, akampa kiti. Wa kwanza ulinifungukia vizuri, lakini ukajifunga kabla sijamaliza hata kusukutua, na huo haumfai mtu wa kutia udhu. Wa pili ulinimwagia maji ya kutosha. Mama akainuka, akanyoosha mikono yake. Hapakutoka hata tone. Akaisogeza mbele, akairudisha nyuma, akageuza viganja juu. Nikaweka mkono wangu, maji yakaja. Akaweka wake, yakakatika.

"Haunioni," alisema Mama.

Muuza duka alicheka, kile kicheko cha mtu anayetaka kuuza. Alisema ni piko tu, ile rangi nyeusi ya mikononi. Mama alikuwa ametoka kwenye harusi ya mjukuu wake huko Mbweni, na wasichana walimpaka weusi mtupu, vidole vyote mpaka viganjani, na jicho la mfereji hupata tabu na kitu cheusi. Nilimwamini. Mimi si mtu wa mambo ya mashetani. Lakini Mama alikuwa akiitazama ile mikono kama vile si yake.

"Nshakufa, na hamjanambia?" aliuliza, wala hakuwa akitania.

Hapo mfereji wa tatu ukafunguka. Hapakuwa na mtu mbele yake. Maji yalitiririka muda ambao mtu angenawa mikono na uso, kisha yakakoma. Mama alikuwa amejibana pembeni mwa ubao, kama anavyompisha mtu uchochoroni. Yalipokoma akasogea, akatia mikono, na maji yakaja juu ya ule weusi.

"Huu," alisema.

"Mama, huu mbovu! Unafunguka bila ya mtu. Utatumalizia tangi zima."

"Ndio nnaoutaka. Kama unamfungulia asiyeonekana, basi na mie utanifungulia."

Muuza duka akasema jicho lake ni kali tu, huenda limeona kioo kilichotundikwa upande wa pili. Niliununua kwa hasira.

Lazima niseme ukweli, ulimfaa. Anatia udhu peke yake, miguu anaitumbukiza kwenye karai lake, anatoka uso unang'aa kama bi harusi. Nilifurahi kumwona hivyo, nikasahau hasira zangu. Lakini mara nyingine tunakuwa tumekaa sote wawili ukumbini, yeye na tasbihi yake, mimi namenya viazi, na tunasikia maji yanafunguka kule ndani. Mbele ya mfereji wetu hakuna kioo, nilikiondoa mwenyewe. Siku ya kwanza niliinuka nikafunge, Mama akanishika nguo.

"Mwache amalize," alisema.

Sijamuuliza ni nani, kwa sababu naogopa atanijibu.

Juzi alasiri nilikuwa nakanda unga wa maandazi. Nikaenda kunawa, mikono myeupe mpaka juu ya vifundo. Nikaiweka mbele ya lile jicho. Kimya. Nikaisogeza, nikairudisha. Betri nilizitia mwenyewe asubuhi ile. Nikalipiga beseni kofi, nikatukana kidogo, nikageuza viganja juu. Hapo ndipo nilipokumbuka ni nani niliyemwona akifanya hivi hivi.

Mama alinisikia. Alikuja nyuma yangu, akapitisha mkono wake kando ya wangu, na maji yakaja. Hakuuondoa. Alinishika kifundo kwa vile vidole vyake vilivyokunjika, akaanza kunitoa unga, mkono wa kulia kwanza, katikati ya vidole, taratibu, bila ya kuniangalia usoni.

"Nnakutia maji, mwenzangu," alisema, kwa ile sauti ya nyuma ya pazia. "Vumilia baridi."

Tangi letu liko juu ya paa, na alasiri maji yake hutoka ya moto kwa jua la mchana kutwa. Siku ile yalinitia baridi mpaka viwikoni.